Wanaume Walioweka Breki Kwenye Beseni

Magoti yangu yamekataa kazi, na mimi si mtu wa kubishana na magoti. Baiskeli nimempa binti yangu, kofia nimebaki nayo. Vijana wanaobeba koli pale stesheni ya Kamina wameniomba niwaandikie mambo ya kazi kwa sababu, wanasema, mimi ndiye mwanamke wa kwanza mjini kufanya kazi hii kwa baiskeli. Hilo silijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa mwanamke wa kwanza kufukuzwa pale, na kesho yake nikarudi.

Sitaandika nilipata nini, wala nani alinipandisha cheo. Kwenye koli hakuna cheo, kuna mlango tu. Mambo ya mlango nitayasema yote, kwa kuwa nawasikia mkidanganyana.

Kwa asiyetujua, koli ni mizigo midogo inayokuja kwa treni. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anafunga katoni ya simu, dawa au vipuri vya pikipiki, anaandika jina juu yake. Mama wa Bukama anajaza kikapu cha samaki wakavu. Treni inavileta Kamina vyote pamoja, siku inayotaka yenyewe. Sisi tunavipokea na kuvitawanya mjini kwa baiskeli, na mwenye koli anatushukuru kwa kadiri ya roho yake. Kuna roho ndogo sana mjini hapa.

Siku ya kwanza nilifika na baiskeli ya mume wangu. Mume wangu, Baba Monga, alikuwa mlinzi wa kizuizi pale barabara inapokata reli, jirani na stesheni. Treni ikija anashusha nguzo, ikipita anaipandisha. Kati ya treni na treni aliweza kulima bustani, kulea mtoto na kusoma kitabu kizima cha Isaya. Nyumba yetu ilikuwa karibu kabisa na nguzo yake, kwa hiyo baiskeli hakuihitaji, na kuku walikuwa wanalala juu ya kiti. Niliwafukuza kuku, nikajaza upepo, nikaenda.

"Mama, umepotea?" mmoja wa wabeba koli akaniuliza. "Soko iko kule."

"Sikupotea. Nakuya kubeba koli."

"Na bwana yako anayua?"

"Kinga ni yake. Unafikiri niliiba?"

Kinga ndiyo baiskeli kwa lugha ya kwetu, kama vile kuya ni kuja, njo ni ndiyo, na haina ni siyo. Walicheka, kisha wakaniambia koli zimekwisha, huku nikiziona zimerundikwa nyuma yao. Nikakaa juu ya jiwe mpaka kila kitu kikabebwa. Mwisho walinifukuza kwa sababu, walisema, nilikuwa nawatazama vibaya. Hapo walisema kweli.

Aliyenikubali ni Papa Ilunga, mkongwe wa kazi, mtu mkavu wa maneno. Hakunikubali kwa huruma. Aliniona nafunga kikapu kwenye kibebeo, na kazi mbaya ilimuuma kama jino.

"Mama Monga," alisema, "unafunga koli sawa unafunga mutoto mu mugongo. Mutoto atakushika shingo. Koli haitakushika."

Alinifundisha kuweka kizito chini, karibu na ekseli, na chepesi juu. Alinikataza kamba, kwa kuwa kamba ikilowa inalegea. Tulitumia mipira ya ndani ya magurudumu, iliyokatwa vipande virefu, inayovutwa mpaka inalia. Spana inakaa mfukoni mwa nguo, haikai ndani ya mfuko wa mzigo, kwa sababu siku ya balaa mfuko ndio unaotangulia kuanguka. Na kabla ya kila safari aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akakamata breki na kutega sikio. Nikamuuliza kwa nini kila safari, wakati baiskeli ni ileile.

"Breki haina ya kusimamisha tu," alinijibu. "Breki njo inakupa ruhusa ya kukimbia."

Papa Ilunga alikufa kitandani mwake, na meno yake yote. Katika kazi yetu hiyo ni sifa kubwa, na wengi mnaomsahau hamtaipata.

Sasa mlango. Behewa la koli lina mlango mmoja unaofunguliwa. Ndani yuko msindikizaji, mtu wa treni, na hapendi kelele. Anampa koli mtu mmoja tu aliyesimama mlangoni, na huyo anasoma jina na kumkabidhi mbebaji anayemtaka yeye. Desturi hiyo niliikuta. Mtu wa mlango akikupenda, unapeleka katoni ya simu kwenye duka la jirani na kurudi kabla jasho halijakauka. Asipokupenda, unabeba majembe mpaka misheni, au dumu la mawese linalovuja kwenye mgongo wako barabara nzima.

Na huyo mtu wa mlango alipatikanaje? Kwa umri? Kwa kura? Kwa zamu? Ingekuwa aibu kwa wanaume wenye vifua kufanya jambo rahisi kiasi hicho. Alipatikana kwa mbio.

Mbio hizo ziliitwa Kuachilia. Kila mwaka, Jumapili moja ya kiangazi baada ya misa, wabeba koli walikusanyika juu, mbele ya soko, wakaziachilia baiskeli kwenye barabara inayoteremka mpaka kwenye kizuizi cha mume wangu. Walivuka reli, na wa kwanza kugusa ukuta wa stesheni alishika mlango mwaka mzima. Ruhusa haikuombwa mahali popote. Mwombaji angeulizwa habari za breki.

Maana hapo ndipo ilipokaa hekima yao yote. Hakuna aliyeruhusiwa kushindana akiwa na breki. Asubuhi ya mbio kila mmoja aliketi chini na spana yake, akafungua breki, waya, mipira na vishikio vyake, akavitia kwenye beseni la bluu. Walilizunguka beseni lile na nyuso za watu wanaobatizwa. Na kusimama, watasimamaje? Kwa mguu. Unabana soli ya kandambili ya tairi kwenye gurudumu, halafu unamwomba Mungu uliyetoka kumwacha kanisani. Breki, walisema, ni ya mwanamke mwenye mimba.

Mwenye beseni aliitwa Prezida. Alikuwa anapiga filimbi ya kuanzia, anahutubia, anaamua ugomvi. Yeye mwenyewe hakuwahi kushindana hata mara moja. Alikuwa na pikipiki, na pikipiki yake ilikuwa na breki mbili, nzima zote.

Katika mbio hizo nimeona meno yakibaki barabarani. Nimeona muuza unga akifunikwa na unga wake mwenyewe mpaka watoto wakamkimbia. Mbuzi wa watu alikufa bila kosa. Mwaka uliofuata wanarudi walewale, na wenye mapengo ndio wanaoshangilia kuliko wote. Mimi nilikuwa nasimama kwenye kona ya kanisa kuzuia watoto wasivuke, na kila mwaka niliambiwa nimeharibu video ya mtu.

Niliwahi kuomba kushindana. Prezida aliniambia nitoe breki kwanza. Nikamwambia nitazitoa siku atakapotoa za pikipiki yake. Basi nikabaki na majembe na mawese, na sikulia. Magoti yalikuwa mazima bado, na nyumbani kulikuwa na mtu mwenye kazi. Aliyeumizwa na mlango ule ni Kazadi.

Kazadi hakuwa anatembea. Polio ilimchukulia miguu yote miwili akiwa mdogo. Baiskeli yake ilikuwa ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono: pedali ziko mbele ya kifua, na nyuma kuna sanduku la chuma la mizigo, refu la kumtosha mtu kulala. Breki yake ilikuwa mkono wa chuma upande wa kulia. Ukiuvuta, unakaba tairi. Wengi wenye miguu kama yake mjini huketi mlangoni mwa kanisa na sahani mbele yao. Kazadi aliapa kwamba hataketi na sahani mahali popote duniani, na aliapa kwa mdomo mkali kiasi kwamba hata wenye kutoa sadaka walimpitia mbali. Alikuwa na mke na watoto, na alitaka wamwone akitoka asubuhi kwenda kazini kama baba wengine.

Tatizo lilikuwa bega. Mwaka ninaousimulia muuguzi alimwambia wazi: bega la kulia linakwisha, na akiendelea na mizigo mizito mkono utakataa kabisa. Alihitaji koli nyepesi tu. Lakini mtu wa mlango alikuwa Banza, bingwa wa miaka kadhaa mfululizo, na Banza alimpa Kazadi vyuma, chumvi na majembe kuliko sisi wote.

"Sanduku yako iko kubwa, Kazadi," alikuwa anasema. "Unalalamika nini?"

Sisemi Banza alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, alisalimia wazee, alimpenda mama yake. Alikuwa na kifua kikubwa, basi, na alikitumia mahali pa kichwa. Kazadi akizidiwa na maumivu alikuwa anapiga mluzi. Nilizoea kusikia mluzi huo ukipanda barabara ya misheni nyuma yangu, mrefu, bila wimbo, nikajua bega linawaka moto. Uliniuma mpaka nikawa narudi nyumbani na kumkaripia Baba Monga bure. Sote tulijua kwamba mwaka mmoja zaidi wa majembe ungemwondoa Kazadi kazini, na njia ya kutoka pale kwa mtu kama yeye ilikuwa moja, ya kwenda kwenye sahani.

Kwa hiyo, mkutano wa kupanga mbio ulipofika, Kazadi aliendesha baiskeli yake mpaka katikati ya watu.

"Prezida, minyi pia nitakimbia."

Wakacheka, lakini kwa adabu, kama wanavyocheka kilioni.

"Karibu, ndugu yetu," Prezida akasema. "Toa breki."

"Benye kutoa breki beko na miguu ya kusimamisha. Minyi nitasimamisha na nini? Na ulimi?"

"Sheria iko moya kwa bantu bote."

Sentensi hiyo nimeisikia sana maishani. Kila mara ilisemwa na mtu ambaye sheria ilishonwa kwa kipimo cha mwili wake.

Banza naye akaongeza yake. "Tukikuachia breki, kesho Mama Monga atakuya na ya kwake. Kisha batoto ba masomo. Mbio itakuwa ya nani?"

"Itakuwa ya benye kufika bazima," nikamjibu.

"Mama, mulango haina ya kila muntu," Prezida alisema, akinyanyua kidole. "Mulango iko ya mwanaume mwenye roho."

Kazadi aliinamisha kichwa mpaka kikagusa pedali. "Eyo, vidye," akasema. Ndilo jibu la Kiluba analopewa mfalme. Prezida alilipokea kwa furaha, akatabasamu huku na huku. Watu wengine hata ukiwatukana kwa sauti kubwa wanadhani unawaimbia.

Jumapili ya mbio ilikuta treni haijaonekana muda mrefu. Ilisemekana imeharibika porini, mara injini, mara reli, kila mtu na porojo yake. Lakini asubuhi ile Baba Monga aliniita kutoka kwenye kibanda chake. Alikuwa amesikia kwenye foni, ile redio ya reli, kwamba treni imetoka kituo cha jirani na inakuja. Nikapanda mpaka sokoni kuwaambia. Niliwakuta kwenye beseni lao, breki zimejaa pomoni. Banza alikuwa anapangusa viatu vyeupe, vipya, vyenye soli laini kama sahani, kwa sababu binamu yake angempiga video akivuka reli.

"Treni iko njiani," nikasema. "Baba Monga aliisikia ku foni. Ngojeni kwanza ipite."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mama Monga, ile treni ilikufa," Banza akasema. "Tunangoja tu maiti."

"Itakuzika weye."

"Bantu ba koli kuogopa treni?" Prezida akadakia. "Treni njo mama yetu!"

Na hapa, ninyi mnaosoma, simameni kidogo mshangae pamoja nami. Watu hawa waliishi kwa treni. Waliingoja kila siku ya Mungu, waliilalamikia, waliiota. Moshi wa mama mchoma makaa ukionekana upande wa Bukama, walikuwa wanaruka juu kusema ndiyo hiyo. Siku moja tu waliyotakiwa kuamini kwamba treni inakuja, ndiyo siku waliyokataa. Nikawaacha. Kona ya kanisa niliwakabidhi akina mama wa kwaya, nikateremka stesheni nilikomkuta Kazadi chini ya paa la ghala.

"Treni inakuya," nikamwambia, "na bote beko kule yulu na beseni."

Aliendesha mpaka kando ya reli, pale behewa la koli linaposimama siku zote, akavuta breki, akangoja. Hakuna mtu aliyewahi kumtangulia bingwa mahali pale. Nilimwona anajipangusa jasho la viganja kwenye suruali.

Honi ikalia. Kutoka pale nilipokuwa niliona kizuizi vizuri, na mteremko nyuma yake. Baba Monga alishusha nguzo, akasimama mbele yake na bendera nyekundu. Wakati huohuo, juu kabisa, nikasikia filimbi ya Prezida.

Kati ya treni na kundi zima la wanaume wasio na breki alikuwepo mume wangu na kitambaa. Nilipiga kelele aondoke. Hakunisikia, na angenisikia pia asingeondoka. Ni mkaidi kwenye mambo ya kazi tu, nyumbani ni mpole.

Walikuja kama maharage yaliyomwagika. Wa mbele waliiona nguzo, wakapeleka miguu kwenye magurudumu, na moshi wa kandambili ukapanda. Mmoja alijitupa mtaroni, wenzake wakamfuata juu yake. Wawili waliingia kwenye ua wa mtu na kutoka na nguo zilizoanikwa. Banza alikuwa mbele ya wote. Alibana kiatu cheupe kwenye tairi, soli ikateleza, mguu ukaingia kwenye spoku. Baiskeli ilisimama papo hapo, lakini Banza aliendelea. Alitua chini ya nguzo, mbele ya miguu ya Baba Monga, na treni ikapita nyuma ya nguzo polepole, ikipiga honi, na abiria wakichungulia madirishani kama kawaida yao.

Hakufa mtu. Naandika mapema ili msome kwa utulivu. Na tafadhali msiniletee methali ya asiyesikia la mkuu. Naijua, na guu lenyewe nililiona, limekunjwa mahali pasipo na goti.

Hospitali iko chini ya stesheni, na barabara inaendelea kuteremka. Baiskeli ambazo hazikupinda hazikuwa na breki, na breki zilikuwa sokoni kwenye beseni. Nani angethubutu kumpakia Banza kwenye kibebeo? Prezida alifika na pikipiki yake, akaona damu, akageuza, akisema anakwenda kutafuta msaada. Mpaka leo anautafuta.

Ndipo wakaanza kuita. "Kazadi! Kazadi, leta kinga!"

Treni ilikuwa imesimama. Mlango wa behewa ulifunguka mbele ya uso wa Kazadi, na msindikizaji akatoa kichwa. "Nani ya mulango leo?" akauliza. Kazadi alikuwa ameshaweka mkono wake kwenye chuma cha mlango. Alitazama ndani, kwenye katoni. Alitazama kule kwenye kizuizi, Banza alikokuwa analia akimwita mama yake. Nilijua anachowaza, kwa kuwa mimi pia nilikuwa nawaza hicho hicho. Akiondoka, wenye miguu watafika pale kabla hajarudi, na mlango utakuwa wao tena, na bega lake litakuwa la majembe tena.

Alipiga mluzi mfupi. Kisha akaweka viganja chini, akajishusha kutoka kwenye kiti, akajiburuta juu ya kokoto mpaka kwenye behewa, akaegemeza mgongo wake chini ya mlango.

"Mama Monga, twala kinga," akasema, akiniashiria nipande. "Breki iko mukono ya kuume. Vuta polepole, iko kali. Minyi nabakia."

Sikuwahi kuendesha kitu kile. Hatua za kwanza nusura niingie ndani ya ghala. Tulimlaza Banza kwenye sanduku, ndugu zake wawili wakamshikilia mguu, na wabeba koli wote wakatusindikiza wakikimbia na kupiga mayowe ya upendo. Tulipofika kona ya kwanza nikasikia nyayo zinapungua nyuma yangu. Walikuwa wamekumbuka kwamba treni imekuja na koli.

Mteremko ulipokaza, sauti ndogo ikatoka kwenye sanduku.

"Mama Monga. Breki iko?"

"Iko."

"Shika yote mbili."

"Iko moya tu."

"Basi shika ile, mama. Shika."

Nilishika. Nilimfikisha mzima, ukiacha pale alipovunjika, wauguzi wakampokea, na ndugu zake wakabaki naye.

Mnasimuliwa kwamba zamu ya mlango ilianzishwa na mkutano, baada ya hotuba nzuri ya Prezida kuhusu usalama na usawa. Hotuba ilikuwepo kweli, wiki ya pili yake, na ilikuwa ndefu. Mbio hazikufanyika tena, na beseni la bluu mke wa Prezida analowekea mihogo. Banza alipona, anachechemea, na alipewa zamu yake kama sisi wengine. Kazadi anabeba koli mpaka leo, nyepesi, na bega halijakataa. Lakini mkutano ulikuja kupiga muhuri jambo lililokwisha. Lilikwisha Jumapili ileile, nami nilikuwepo.

Nilirudi nikisukuma ile baiskeli tupu, kwa sababu kupanda mlima kwa mikono kulinishinda. Nilipotokeza kwenye pembe ya ghala niliwaona wote wamesimama nusu duara mbele ya behewa. Kazadi alikuwa amekaa chini palepale, mgongo kwenye chuma, katoni ya dawa mapajani. Juu ya kichwa chake msindikizaji alikuwa ameketi, miguu inaning'inia, anangoja wamalize.

"Kazadi, achia mulango," mmoja alikuwa anasema. "Mulango iko ya Banza."

"Banza eko wapi?"

"Unayua. Ku lopitalo."

"Alienda na nini?"

Mwingine akajaribu kwa upole. "Songa tu kidogo, ndugu. Tutagawa siye."

"Nitasonga na nini?" Kazadi akauliza. "Miguu yangu njo imebeba champion yenu ku lopitalo. Muingojee irudi."

Walitazamana. Kumvuka hawakuweza bila kumkanyaga, na kumnyanyua mtu aliyetoa baiskeli yake kwa ajili ya Banza hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Msindikizaji akashusha katoni iliyofuata, Kazadi akaipokea, akasoma jina kwa sauti, akanyoosha mkono kumkabidhi aliyekuwa karibu. Yule akaipokea. Halafu wa pili akasogea mbele.

Hawakuwa wameniona. Nikairudisha baiskeli nyuma ya ghala, polepole, magurudumu yasilie, nikaketi kwenye kiti chake na kula karanga mpaka behewa likabaki tupu.